Mlima Uliopasuka Katikati

Nyanya mzaa baba alisahau Kiswahili kwanza, kisha akasahau Kisamia, lugha aliyozungumza na babu na watoto wake katika maisha yake yote ya ndoa. Ilianza baada ya homa iliyomlaza kwa majuma kadhaa. Alipoinuka kitandani alikuwa anasema Kidhopadhola tu, lugha ya kwao Tororo, ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeijua. Mimi ndiye niliyebaki naye kutwa. Nina cherehani kibarazani, upande wa Kenya wa mji wa Busia, nashona sare za shule na magauni ya harusi. Nyanya aliketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki na kunieleza jambo lile lile tangu asubuhi, nami nikiitikia, "Ndiyo, Nyanya," bila kujua ninakubali nini.

Siku moja alikuja dereva mmoja anayebeba mizigo kati ya Tororo na Busia, akitaka suruali yake ipunguzwe. Nyanya alikuwa katikati ya maelezo yake. Yule dereva alisikiliza kidogo, akamjibu kwa lugha yake. Nyanya akageuka kwenye kiti, akamshika mkono, na wakazungumza mpaka chai ikapoa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Jaja, huyu nyanya yenu, anasema nyinyi nakataa kupeleka yeye nyumbani," dereva akasema. "Nyumbani iko nyuma ya mlima ile ilipasuka katikati. Anasema mama yake nangoja."

Mama yake Nyanya angekuwa na umri gani, sijui. Mifupa yake ilikuwa imeshageuka udongo kabla baba yangu hajaoa.

"Ni mlima gani huo?"

Akacheka. "Dada, huko kwetu milima nyingi imepasuka."

Niliyoyajua kuhusu kwao Nyanya yalikuwa machache. Aliolewa na babu akiwa msichana, akaja kuishi huku kwa Wasamia. Wakati wa utawala wa kijeshi Uganda, watu wa kwao walitawanyika. Mara alisikia wamekimbilia Mbale, mara wamerudi, mara waliorudi ni watu wengine wa ukoo mwingine. Yeye alikuwa na watoto wa kulea, kisha akawa na wajukuu, kisha magoti. Hakuwahi kurudi. Alipokuwa bado na Kiswahili chake alikuwa akituambia kwamba Busia ni kama meza iliyofutwa, mtu unaangalia mbele na macho hayapati pa kukaa. Sisi tulidhani anatania. Mimi nilizaliwa hapa, na kitu kirefu nilichokijua utotoni kilikuwa tangi la maji.

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba sasa, hakupenda niliposema nitampeleka Nyanya kwao. "Unampeleka kwa nani? Hata kijiji hukijui," aliniambia. Ni kweli. Nyanya alitaja jina la kijiji ambalo dereva hakuwahi kulisikia. Lakini Nyanya alikuwa ameanza kutoka peke yake alfajiri, na mara mbili majirani walimrudisha kutoka barabara ya malori. Mwishowe baba mdogo akasema, "Mpeleke aone, halafu arudi."

Tukaondoka na yule dereva Jumamosi asubuhi, Nyanya kiti cha mbele akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Mpakani ofisa alimuuliza anakwenda wapi. Nyanya akamjibu kwa kirefu, akionyesha kwa mkono. Ofisa akamtazama dereva.

"Anasema nakwenda kwa mama yake," dereva akasema.

Ofisa akaziangalia nywele zake nyeupe, akanirudishia vibali bila swali lingine.

Nilikuwa nimepita Tororo mara nyingi nikienda Mbale kununua vitambaa, na kila mara nilikuwa nimelala au nikihesabu moyoni vitambaa nitakavyochagua. Siku hiyo nilitazama. Ule mwamba mkubwa wa mjini ulijitokeza ghafla upande wa kulia, mweusi na mkavu, umesimama peke yake juu ya mabati ya nyumba. Nyanya akapiga makofi. Tulipokata kona ulikuwa kushoto. Tulipotoka mjini kushika njia ya Nagongera, upande Nyanya aliokuwa akiuonyesha kwa mkono, niliona mwingine nyuma yetu.

"Iko ngapi?" nikamuuliza dereva, kwa Kiswahili chake kilichokuwa kimeshaniingia mdomoni.

"Ni ile ile moja. Sisi ndiyo nazunguka."

Baada ya hapo sikuwa na hakika ya upande wowote. Barabara ya udongo ilishuka kwenye mabonde yenye mpunga na mafunjo, ikapanda kwenye wimbi, yaani ulezi, na mihogo, na katikati ya mashamba mawe yalikuwa yamechomoza, mengine makubwa kama nyumba, mengine kama vilima vizima, yamelaliana ovyo. Juu ya mawe bapa watu walikuwa wameanika muhogo. Mbali, upande niliodhani ni kusini, niliona mlima mrefu wa bluu, nikauliza ni upi. Dereva akasema huo ni Elgon, nao uko kaskazini na mashariki. Nilipogeuka kuutazama tena, mawingu yalikuwa yameumeza, na sikuweza hata kuonyesha ulipokuwa.

Tukaanza kuuliza njia tulipofika upande wa Kirewa. Watu wa huko wana adabu iliyonichanganya kichwa. Wanakusalimu mpaka uulizwe habari za ng'ombe usio nao, na hakuna anayekubali kukuambia kwamba hajui. Mama mmoja aliyebeba kuni alisema mlima uliopasuka uko mbele, baada ya shule. Baada ya shule mzee wa baiskeli akasema tumeupita.

"Ule mliona si mlima," alisema. "Ile ni jiwe tu. Mlima iko nyuma."

"Tofauti ya mlima na jiwe ni nini?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa tofauti ya mbuzi na kuku. "Mlima ni mlima," akasema. "Jiwe ni jiwe."

Mwanamume mwingine aliingia kabisa kwenye gari ili atuonyeshe. Alituelekeza kulia, kushoto, tena kushoto, kisha akamwambia dereva asimame, akashuka, akashukuru na kuingia nyumbani kwake. Dereva alicheka hadi akafuta machozi. Mimi nilikuwa karibu kulia kweli. Nyanya alikuwa amebandika uso dirishani.

Tulipofika mahali barabara inapopinda chini ya kilima kilicholiwa nusu, Nyanya alipiga kioo kwa kiganja. Dereva akasimama. Upande mmoja wa kilima ulikuwa bado na nyasi na vichaka. Upande wa pili ulikuwa mweupe, umekatwa wima, na chini yake wanawake walikuwa wameketi kwenye vivuli vya magunia wakigonga mawe kuwa kokoto. Niliwauliza kama kilima hiki kiliwahi kuwa na ufa katikati.

"Iko," mmoja akasema bila kuacha nyundo. "Zamani. Sasa imekuwa barabara."

Mwenzake akakataa. Alisema ule wenye ufa uko mzima, nyuma ya kanisa, ng'ambo ya bonde. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na wakati wakibishana niligundua Nyanya hayupo garini.

Alikuwa anashuka kwenye kijia kati ya mihogo, amesahau mkongojo wake kwenye kiti. Nikamkimbilia. Mwanamke ambaye kwangu nilimshika mkono kwenda chooni alikuwa anatangulia, anajua wapi pa kuinama chini ya tawi na wapi pa kuruka mfereji. Kijia kilitufikisha kwenye boma safi lenye nyumba ya mabati na jiko la nyasi. Kizee kimoja chembamba, mwanamke wa rika lake, alikuwa ameketi kwenye mkeka akibangua karanga. Nyanya hakubisha hodi. Alivua viatu, akaketi mkekani, akachota karanga mkono mmoja na kuanza kubangua, kama mtu aliyetumwa kisimani na sasa amerudi.

Yule mkongwe akamtazama. Mikono yake haikusimama. Kisha akaita, na binti yake akatoka jikoni, mwanamke mnene wa makamo aliyefunga leso kiunoni. Anauza samaki soko la Nagongera na hununua mzigo Busia, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho.

"Nyinyi natafuta nani?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nikasema Nyanya alizaliwa sehemu hizi, akaolewa kwa Wasamia, na kwamba hatujui nyumbani kwao ni wapi. Akamweleza mama yake. Mkongwe alisikiliza, akajibu taratibu.

"Mama anasema alikuwa na dada yake, aliolewa kwa Wasamia," binti akasema. "Lakini yule alikufa zamani, kwa kuzaa. Habari ilikuja. Walimlilia hapa, wakachinja."

Nyanya yangu alikuwa pale anakula karanga mbichi.

Dereva alikuwa ametufikia, naye akawa ananitafsiria. Mkongwe alianza kumhoji Nyanya. Maji walichota wapi? Nyanya akaonyesha kwa kidevu, nyuma ya migomba, na ndiko chemchemi iliko. Baba yao alikuwa na jicho gani bovu? Nyanya akasema baba yao alikuwa na macho mawili mazuri. Mkongwe akatikisa kichwa, hapana. Kisha akauliza nani alichoma ghala la wimbi.

Nyanya akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu homa. Akamnyooshea kidole.

"Anasema ni huyu mwenyewe," dereva akanitafsiria, akimwonyesha mkongwe.

Mkongwe akaweka karanga chini. Akasema hapana, aliyechoma ni dada yake, na yeye ndiye aliyechapwa kwa ajili yake. Nyanya akasema yeye ndiye aliyechapwa. Wakapandishiana sauti, kila mmoja akishika paja lake mahali fimbo ilipopita. Binti alitazama mmoja, akatazama mwingine. Mwishowe alinivuta hadi kando ya jiko.

"Mnataka ardhi?" akauliza.

"Hapana."

"Mtu nakuja na gari, na mzee, nasema hapa ni kwao. Baadaye nakuja wajukuu na mtu wa kupima."

"Dada, hatutaki hata jiwe moja," nikasema. "Anataka tu kuona kwao."

"Na kama hapa si kwao?"

Nikageuka kumtazama Nyanya, ambaye bado alikuwa ameshika paja lake.

Jioni ilipokaribia nilimwambia Nyanya twende. Alishika mkeka kwa mikono miwili. Nilimbembeleza, dereva akambembeleza, na mkongwe akasema neno moja kali ambalo lilimfanya binti ashushe mabega.

"Mama anasema acha alale. Mgeni hafukuzwi kama jua limeshuka."

Dereva akarudi Busia na maelezo kwa baba mdogo, nami nikabaki. Nilikusudia kulala usiku mmoja. Nilikaa zaidi ya wiki.

Nilidhani nikiishi pale nitaelewa. Asubuhi ukungu ulijaa mabondeni na vilima vikabaki vikielea, kila siku vikionekana vimepangwa upya. Mchana mawe yaliwaka joto, na tulianika mihogo juu yake na kuigeuza kwa vidole vinavyoungua. Watu hawakusema kushoto wala kulia. Walisema upande wa jiwe, upande wa maji, chini ya mlima, mgongoni mwa mlima, na mgongo wa mlima ulitegemea anayesema anaishi wapi. Nikitumwa kwa jirani nilipotea. Watoto wa shule walinirudisha wakicheka. Nyanya hakupotea hata mara moja. Alikwenda chemchemi na kurudi, akajua mti upi unatoa kuni zisizo na moshi, akajua hata mahali pa kukanyaga palipo na utelezi. Na bado, kila jioni, alimwambia binti jambo ambalo binti alinitafsiria kwa mashaka.

"Anasema hapa si kwao. Kwao iko nyuma ya mlima ilipasuka. Lakini anasema nyinyi ni watu wazuri, atakaa kidogo."

"Na mama yako anasema nini?"

"Anasema dada yake alikufa." Akafunga upya leso kiunoni. "Lakini jana usiku alimfunika na blanketi yake."

Siku moja nikamwomba binti anipeleke kwenye ule mlima mwingine, nyuma ya kanisa. Tulivuka bonde, tukapanda. Ulikuwa umepasuka kweli. Ufa ulianza kileleni hadi chini, mpana wa kutosha mtu kupita ubavu ubavu, na ukisimama upande mmoja unaona anga ya upande wa pili. Tulipita ndani, mikono ikigusa mwamba baridi huku na huku. Upande wa pili palikuwa na boma lililokufa. Uzio wa mkonge ulikuwa umekua ovyo, kulikuwa na jiwe la kusagia lililoliwa katikati, na matuta ya makaburi yaliyozama chini ya nyasi. Mchungaji wa ng'ombe alituambia wenyewe walikimbia wakati wa wanajeshi na hawakurudi. Majina yao hakuyajua. Alisema labda walikuwa wa ukoo huu, labda wa ule.

Nilisimama pale muda mrefu. Ikiwa hapa ndipo, basi Nyanya alikuwa anasema kweli na hakukuwa na mtu wa kumpokea. Ikiwa ni kule, basi alikuwa amefika na hajui. Binti aliketi juu ya jiwe la kusagia, akavua kandambili na kukung'uta mchanga.

"Utamleta?" akauliza.

"Nimlete kwa nani?"

Nilipiga picha kwa simu. Tuliporudi nikamwonyesha Nyanya. Aliitazama, akauliza huo ni mlima wa wapi. Nikampa mkongwe. Yeye aliishika simu karibu na jicho lake moja lililokuwa bado linaona kwa muda mrefu, halafu akasema jambo.

"Anasema hapo ndipo walijificha," binti akasema. "Yeye na dada yake. Wanajeshi walipokuja walikaa ndani ya ufa, wakala wimbi mbichi."

Nikashtuka. Kwetu tuliambiwa siku zote kwamba Nyanya aliolewa kabla ya wakati ule wa wanajeshi, na kwamba hakurudi kwao tena. Ikiwa dada huyo alijificha kwenye ufa, basi hawezi kuwa Nyanya yangu, au basi hadithi yetu ya ndoa yake ilikuwa na kasoro. Nikampigia baba mdogo.

"Nyanya aliolewa lini hasa?"

"Zamani," akasema.

"Kabla ya wanajeshi au baadaye?"

"Kabla. Nadhani kabla. Mimi nilikuwa sijazaliwa, unaniuliza nini?"

Nikarudi Busia kwa sababu sare za shule zilikuwa zinasubiri. Nyanya alibaki. Sikuamua, hakuna aliyeamua. Siku ya kuondoka alikuwa ameketi na mwenzake wakichagua mawe kwenye wimbi, na nilipomuaga alinipungia mkono kama anavyopungiwa mtu anayekwenda sokoni. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, nikipeleka sukari na sabuni. Mara nilikuta hawasemezani kwa sababu ya ghala la wimbi. Mara nilikuta wamelala kivulini wamegeuziana migongo, miguu imegusana.

Alifariki msimu wa mvua, usingizini. Binti alinipigia simu asubuhi. Baba mdogo alitaka mwili uje Busia uzikwe kando ya babu, kama desturi yetu ilivyo, na kule hakuna aliyepinga, ingawa nilisikia mkongwe alikaa mlangoni mwa chumba mpaka gari lilipofika. Naye alipanda gari hilo hilo na binti yake. Kwa mkongwe ilikuwa mara ya kwanza kuvuka mpaka.

Kwenye mazishi alilia kwa sauti ambayo sikuitarajia kutoka mwili ule mdogo. Alilizunguka kaburi akisema na Nyanya, akimfokea, akimwita kwa jina la utoto ambalo hata sisi hatukulijua. Wanawake wa Kisamia walinyamaza kumsikiliza. Baba mdogo alinisogelea.

"Huyu mama ni nani?"

"Dada yake," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria, na lilipotoka sikulirudisha.

Jioni nilimshika mkono kumpeleka nyuma ya nyumba anawe miguu. Alisimama katikati ya ua, akageuza kichwa huku, akageuza kule, akanishika kwa nguvu. Binti yake akacheka kidogo huku machozi hayajakauka.

"Anasema hapa mtu najuaje yuko wapi?"

Walikaa nasi mpaka matanga yalipoisha. Walipokuwa wanapanda gari, mkongwe alitoa kichwa dirishani na kunieleza jambo kwa kirefu, bila haraka, kama nilikuwa namwelewa. Nikamgeukia binti.

"Wimbi inakomaa mwezi ujao," binti akasema. "Anasema uje, uvune ya nyanya yako. Walipanda pamoja."

Nilikwenda. Nilivuna vibaya. Nilikata mashina marefu mno, nikachanganya masuke yaliyokomaa na mabichi, na wanawake wa jirani wakanicheka mpaka nami nikacheka. Mmoja wao alimuuliza mkongwe swali akininyooshea kisu, nadhani akitaka kujua mimi ni nani. Mkongwe akajibu kwa neno fupi na kuendelea kuvuna. Binti hakunitafsiria, nami nilikuwa nimeinama, jasho machoni, natafuta pa kukata shina linalofuata.